Vishona Nguo Chini ya Kamba

Maji yalikuwa yakirusha kifuniko, na Dobi hakuyapa nafasi ya kutulia. Alishika sufuria kwa matambara mawili, akainama chini ya kamba ya nyuma, akamimina polepole penye shina la gugu la kishona nguo, kwa uangalifu wa mtu anayemjazia mgeni kikombe. Mvuke ukampanda usoni. Majani yakalegea papo hapo, yakawa kama mboga iliyosahaulika jikoni. Akasogea, akamimina tena. Maji yalipokwisha alirudi kwenye pipa lililokuwa motoni, akachota mengine, akaja nayo mbio mbio huku matambara yakimuunguza viganja.

"Wifi, hayo unayaua au unayapika?"

"Vyovyote, mradi yasilale hapa leo."

"Basi ungeyatia kitunguu, tusile hasara tupu."

Aliyekuwa akimchokoza kutoka barazani ni wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani aliyekuwa na chumba cha mbele katika nyumba hiyo hiyo. Dobi na mumewe walikuwa na vyumba viwili vya nyuma. Mume alikuwa dereva wa lori, na wiki hiyo alikuwa njiani. Uani palikuwa pa wote. Kandokando ya ukuta wifi alikuwa na mboga yake ya maboga iliyotambaa mpaka karibu na bafu, na sehemu nyingine yote ilikuwa ya kamba za kuanikia. Chini ya kamba hizo ndiko magugu yalikokaa kama wapangaji waliokataa kuhama.

Kishona nguo si gugu la kutisha likiwa bichi. Lina ua dogo lenye kitovu cha manjano, na mtu asiyelijua anaweza hata kulionea huruma. Ubaya wake uko kwenye mbegu. Ni vijisindano vyeusi vyenye ncha za kunasa, na havina kazi nyingine duniani ila kungoja kitu chenye nyuzi kipite. Kwa watu wengine ni kero ya pindo la suruali. Kwa Dobi ilikuwa habari nyingine kabisa.

Jana yake alikuja Mkunga, mkuu wa zahanati ya wazazi iliyompa Dobi kazi ya kufua, mwanamke mrefu asiyependa kukaa kwenye kiti cha watu. Alikuwa na kitambaa kimoja mkononi, kimoja kati ya vile vyeupe vya kupokelea watoto. Alikikunjua, akamwonyesha Dobi sindano moja nyeusi iliyojichomeka kwenye nyuzi karibu na pindo.

"Hii niliitoa mgongoni kwa mtoto," alisema. "Ana siku mbili tangu aje duniani, mimi namfunika kwa miiba. Mama yake alidhani analia njaa. Kanyonyesha, kambeba, kamwimbia, kumbe mwenzake anachomwa."

Dobi alitaka kusema pole, lakini pole ilikuwa ndogo.

"Keshokutwa nitakuja nione unapoanika. Nikikuta magugu haya, nitatafuta dobi mwingine, na sitakuwa na chuki na wewe. Na usinipulizie hizo dawa za madukani. Nikisikia harufu yake kwenye kitambaa kimoja tu, tumeachana."

Basi hilo ndilo lililokuwa likimkimbiza tangu kuche. Kabla ya zahanati, Dobi alifua kwenye nyua za watu. Alitembea na beseni kichwani, akipita geti baada ya geti, akiitwa kwa mluzi kama anavyoitwa muuza maji. Kuna nyumba alifua miaka na hakuwahi kuona ndani. Kuna mwenye nyumba aliyehesabu vibanio mbele yake kila akimaliza. Zahanati ilipompa furushi la kwanza, alinunua pipa, akafunga kamba, akafua nyumbani kwake mlango ukiwa wazi na redio ikiimba, hakuna mtu aliyemsimamia kichwani. Zahanati ikiondoka, beseni linarudi kichwani. Hakuhitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Na vitambaa vya leo vilikuwa tayari. Alivifua alfajiri, akavisuuza, akavikamua, akaviweka kwenye beseni kubwa barazani na kuvifunika, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuvianika. Kila alipopita na sufuria alilitazama lile beseni. Nguo mbichi iliyofunikwa haina subira. Ikifika jioni itaanza kutoa harufu, na harufu ya kuvunda ni ngumu kuitoa kuliko damu.

"Hebu kaa kidogo unywe chai," wifi alisema. "Tangu asubuhi unazunguka tu kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Niwekee hapo."

"Nimekuwekea mara mbili. Ya kwanza wameinywa nzi."

Dobi aliinywa akiwa amesimama, jicho kwenye kamba.

Dawa zake alizijua mwenyewe, hakufundishwa na mtu. Alikuwa amejifunza madoa kwa kukosea na kurudia, na magugu aliyachukulia kama madoa ya ardhini. Wiki iliyopita, alipoona vishona nguo vimekomaa chini ya kamba za mbele, alichukua chupa ya kunyunyizia aliyoitumia kwenye kupiga pasi, akaijaza siki, akatia kijiko cha sabuni ya maji ili siki ishike kwenye majani isiteleze. Alingoja jua liwe kali, akanyunyiza. Kesho yake alirudia. Majani yalikunjamana, yakawa ya kahawia, mwishowe yakakauka mpaka yakawa yanalia yakiguswa. Alifurahi. Hakuyang'oa. Katika kazi yake, doa lililoanza kulegea huliparuzi, unaliachia jua limalize. Aliyaacha magugu yamesimama wima, makavu, safu nzima, na kila alipopita aliyatazama kwa ridhaa kidogo.

Ile sindano ya Mkunga ilipofika, alijua moja kwa moja imetoka wapi. Imetoka huku nyuma, kwenye mabichi ambayo siki ilikuwa haijayafikia. Ndiyo maana leo alikuwa akiyachemsha yakiwa hai. Siki ilishamwishia, na duka la jirani lilikuwa na chupa moja tu iliyofunikwa vumbi, lakini maji ya moto hayakuwahi kumwishia hata siku moja.

Kwenye njia ya mawe, karibu na mlango wa uani, alitia chumvi. Palikuwa na majani yaliyojipenyeza kati ya jiwe na jiwe ambayo hata kisu hakikuyafikia. Alikoroga chumvi kwenye maji ya moto mpaka ikagoma kuyeyuka, akamimina kwenye nyufa. Alipomaliza njia akageuka na kilichobaki, akaanza kuelekea kwenye kamba zilizokuwa karibu na ukuta.

Cherehani ikasimama.

"Wifi! Hapo hapo ulipo. Hiyo ndoo ina nini?"

"Chumvi kidogo."

"Usithubutu. Boga langu likinywa chumvi, utamweleza kaka yangu mboga imekwenda wapi. Na usidhani nakutania."

"Ni huku pembeni tu."

"Maji yana pembeni? Ardhi yenyewe imeinamia kwangu. Halafu ukishatia chumvi, wifi yangu, hapo hapaoti tena kitu, si gugu si mboga, hata ukitubu. Yamwage kwenye mawe huko."

Dobi alirudi akamwaga kwenye mawe. Alijua wifi yake hakukosea. Chumvi ni kama wino, ikishaingia unabaki kuomba. Badala yake alileta maboksi aliyoyapata dukani, akayakunjua, akayatandika chini ya kamba ya ukutani, akayalowesha na kuyawekea matofali. Yaliyo chini yake yatakosa mwanga, yataoza taratibu. Lakini taratibu ilikuwa ndicho kitu asichokuwa nacho. Alipomaliza alirudi kutazama vitambaa, akafunua, akanusa, akafunika.

Baada ya adhuhuri upepo ulianza, na Dobi akaona ni wakati wa kujaribu. Alikuwa na desturi moja. Hafui nguo ngeni kabla hajajaribu dawa kwenye pindo la ndani lisiloonekana. Alichukua shuka kuukuu nyeupe, akailowesha, akaikamua, akaianika kwenye kamba ya katikati ili mwisho wake mmoja ufike mbele kwenye makavu na mwingine ufike nyuma kwenye mabichi aliyoyachemsha. Akasimama pembeni kuitazama. Shuka ilijaa upepo kama mtu anayevuta pumzi, ikarudi, ikajaa tena, ikayapiga magugu ya mbele, ikayafagia.

Hakuweza kungoja ikauke. Aliianua, akaibeba mpaka barazani, akaikunjua juu ya meza ya wifi yake, juu ya gauni la watu lililokuwa linashonwa.

"Wifi, hii meza ina kazi."

"Nitazamie. Macho yako ni ya sindano."

Wifi akavaa miwani. Alianza na upande wa nyuma, ule uliogusa mabichi. Alipitisha kiganja polepole, akatoa jani moja lililoiva kwa maji ya moto, akalitupa. Hakuna kingine. Akahamia upande wa mbele, na kabla hajafika pindoni alivuta mkono.

"Mama yangu!"

Zilikuwa zimejipanga. Hazikuwa moja mbili. Pindo lote la shuka lilikuwa limeshonwa kwa sindano nyeusi, karibu karibu, kama mtu aliyepiga mshono kwa makusudi. Nyingine zilikuwa zimezama mpaka ng'ambo ya pili.

Dobi alitoka akaenda mbele, akachuchumaa penye makavu. Akachuma kichwa kimoja, akarudi nyuma akachuma kichwa cha bichi, akaviweka viwili kiganjani. Kwenye kile kibichi sindano zilikuwa zimesimama pamoja, zimebanana kama penseli kwenye boksi, na alipozisugua kwa kidole hazikumshika. Kile kikavu kilikuwa kimefumuka pande zote, duara zima la miiba, na kilipogusa tu ukingo wa shati lake kikabaki hapo hapo, kikavunjika nusu.

Kisha akarudi barazani na kuvionyesha.

"Yalikuwa yamefumba," alisema. "Mimi ndiye niliyeyafumbua."

Wifi alitazama kiganja, akamtazama mwenye kiganja. Alikuwa na maneno mazuri matatu au manne ya kumtania, na yalionekana yakimpanda mpaka kwenye midomo. Akayameza yote isipokuwa moja.

"Umeyaua yamesimama, wifi. Hata mimi ningekuwa gugu, ningekufa nimesimama nikingoja shuka ipite niiachie urithi."

"Ningeyakata vichwa kwanza."

"Ungeyakata vichwa yakiwa bichi, ukavitia ndani ya maji yako ya moto, halafu hiyo miguu ukaimalize kwa siki yako ukipenda. Ungeniuliza ningekwambia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua? Nami nimeona leo hapa hapa. Mimi nilidhani unayakausha ya kuwashia moto."

Dobi akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha, halafu hakikuendelea. Alikuwa ameshasimama. Mkono mmoja ulishika mundu uliokuwa umechomekwa kwenye mwimo wa mlango.

Shida ilikuwa hii. Makavu hayashikiki. Alikata moja, likatetemeka, sindano zikamwagika chini na nyingine zikaruka na upepo kuelekea kwenye boga. Akakata la pili kwa kulishika kwa upole shingoni, likamwaga vile vile. Alisimama na mundu mkononi, jasho linamwingia machoni. Kila alichogusa kilizaa. Alihisi mwili mzima unawasha, na kweli ulikuwa unawasha, kwa sababu soksi zake zilikuwa zimejaa na pindo la sketi lilikuwa na ndevu.

"Yaloweshe kwanza," wifi alisema kutoka barazani. "Kitambaa kinachochanika mkononi mimi hukipitishia maji ndipo nikate. Kikilowa kinatulia."

Dobi akaleta maji ya sabuni yaliyobaki ya kufulia, akayanyunyiza kwa kikombe juu ya vichwa vikavu mpaka vikalegea na kunata. Vilipolowa, vijisindano vilijikunja kidogo na kushikana. Sasa aliweza kukata kichwa kwa kichwa na kukitumbukiza kwenye ndoo bila kumwaga sana. Lakini zile zilizokwishaanguka zilikuwa zimejaa ardhini, maelfu, nyeusi juu ya udongo mweusi. Alifagia, zikashika ufagio. Alijaribu kuzizoa, zikashika vidole. Akatazama vidole vyake, akatazama soksi zake. Akanyanyuka ghafla na kuingia ndani.

Alitoka na blanketi.

Lilikuwa blanketi zito la sufu, la zamani, rangi ya majivu, lenye kingo zilizolika. Wifi alilitambua kabla halijafika mlangoni.

"Hilo ni la kaka yangu!"

"Najua ni la nani."

"Alilala nalo tangu akiwa mvulana. Anasafiri nalo kwenye lori!"

"Safari hii amelisahau. Shika ncha hiyo."

"Wifi, mimi sishiki. Akirudi mimi nitasema sikuwepo."

"Sema unavyotaka, lakini shika."

Wifi alishika. Walilitandaza mwanzo wa kamba za mbele, kila mmoja na ncha mbili, wakaanza kulivuta chini taratibu kama wavuvi wasiokuwa na bahari, mmoja akirudi nyuma, mwingine akimfuata huku akilikanyaga kwa magoti ili lilale vizuri. Walipofika mwisho waliligeuza. Upande wa chini haukuwa na rangi ya majivu tena. Ulikuwa na manyoya meusi, yamesimama, kama mnyama aliyeona mbwa.

"Lo!" wifi alisema. Akasahau kulalamika. "Yanalipenda."

"Yanapenda kila kitu chenye nyuzi. Basi tuyape."

Walilikunja, wakalitumbukiza kwenye pipa, Dobi akalisukuma chini kwa mti mpaka likazama kwenye maji yanayotokota. Mbegu iliyochemka haioti, hilo alikuwa na hakika nalo. Baada ya muda walilitoa kwa miti miwili, wakalisugua kwa burashi ngumu juu ya karai, wakalikamua wote wawili, mmoja huku mwingine kule, wakalirudisha ardhini likiwa bado linatoa mvuke. Mara ya pili lilikuja na nyingi kama mara ya kwanza. Mara ya tatu zilipungua. Chini ya kamba mbili za kwanza ulianza kuonekana udongo mtupu.

Wifi alikuwa amejifunga kitambaa kiunoni, miwani juu ya paji la uso.

"Yaani mimi, fundi mzima, wateja wakipita wananiona natambaa uani na blanketi la kaka yangu."

"Waambie ni mtindo mpya."

"Nitawaambia wifi yangu amepagawa na nimekuja kumshika."

Walikuwa katikati ya kamba ya tatu, wote wawili wamepiga magoti na migongo yao ikiangalia mlango, waliposikia mtu akikohoa.

Mkunga alikuwa amesimama kwenye njia ya mawe, mkoba begani, sare yake bado mwilini.

"Nilisema kesho," alisema, "lakini kesho nina zamu ya asubuhi. Nimeona nipite leo."

Dobi alisimama upesi mno, kizunguzungu kikampitia. Alijua alivyo, nywele zimeshikamana, sketi ina ndevu, uso una masizi ya pipa. Wifi yake alikuwa mwepesi zaidi.

"Karibu, mama mkunga, karibu sana. Pita hapa hapa, hapa pazuri." Alimwongoza mpaka chini ya kamba za mwanzo, kwenye udongo mtupu, akajiweka yeye mwenyewe na gauni lake pana kati ya mgeni na sehemu iliyobaki. "Unaona palivyo? Tumepang'arisha. Hata mtoto anaweza kutambaa."

Mkunga alitazama chini. Alisogeza udongo kwa ncha ya kiatu. Udongo ulikuwa udongo. Alitazama kamba, akashika mti mmoja na kuutikisa, akakubali kwa kichwa.

"Pamekaa vizuri," alisema.

Wifi akamtupia Dobi jicho, jicho linalosema funga mdomo, kesho mapema tunamaliza, nani atajua.

Dobi alilipata lile jicho. Na angeweza. Mkunga alikuwa na uchovu wa siku nzima miguuni, ungeweza kuuona kwenye namna alivyohamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Angeridhika na kilichokuwa mbele yake, angeondoka. Vitambaa vilikuwa kwenye beseni. Upepo bado ulikuwa unapiga, na nyuma ya gauni la wifi yake yale makavu yalikuwa yakilia kidogo kidogo, kama karatasi. Dobi alimfikiria yule mama aliyenyonyesha, akabeba, akaimba.

"Hapa pamekwisha," alisema. "Kule hapajaisha."

Wifi akafumba macho.

"Kule wapi?"

"Wifi, mpishe aone."

Mkunga alipita. Aliona safu iliyobaki, kavu, imefumuka. Dobi akaeleza bila kupamba. Alieleza siki na sabuni, alieleza jua, alieleza kwamba ile sindano ya mtoto haikutoka kwenye gugu lililokuwa hai bali kwenye alilokuwa ameliua mwenyewe akaliacha limesimama. Alieleza kuhusu maji ya sabuni na blanketi. Alipofika kwenye blanketi, Mkunga alitazama pipa, akatazama wanawake wale wawili, na pembe moja ya mdomo wake ikacheza, lakini haikufika mbali.

"Nani aliyekufundisha kuyaacha yasimame?"

"Kazi yangu tu. Doa huachiwa jua."

"Kidonda nacho watu hukiacha wazi kikauke," Mkunga alisema. "Tunakesha tunawaambia wasikiache." Aliinama kujikuna kifundo cha mguu, akainuka na sindano tatu kati ya vidole. Alizitazama. "Sasa vitambaa vya leo viko wapi?"

"Vimefuliwa. Viko kwenye beseni. Sijavianika, sina pa kuvianika."

"Vitavunda."

"Nitavianika ndani."

"Ndani wapi?" wifi aliuliza, naye jibu akalijua kabla halijatoka. "Wifi, chumbani mwangu? Nilale na vitambaa vya watoto wa watu juu ya uso?"

"Kamba moja chumbani mwako, mbili kwangu. Na pasi usiku... pasi jioni hii, kimoja kimoja."

Mkunga hakuingia kwenye mazungumzo yao. Aliweka mkoba vizuri begani.

"Nisikilize, mama. Siwezi kukwambia nimeridhika, kwa sababu sijaridhika. Kesho nileteeni furushi. Nitakikunjua kila kitambaa na kukipitisha hapa." Aligusa shavu lake. "Kikinichoma kimoja, hatutakuwa na la kuzungumza. Visiponichoma, nitachukua hivyo, halafu tutaona vya keshokutwa. Siahidi zaidi."

"Sawa."

"Na hilo kavu lisiguse kitu changu tena."

"Haligusi."

Aliondoka kwa njia ya mawe, akikwepa kwa uangalifu mahali palipokuwa na maji ya chumvi. Alipofika mlangoni alisimama, akajikuna tena mguu, akaenda zake.

Wifi alingoja mpaka viatu vimeacha kusikika mtaani.

"Ungenyamaza," alisema.

"Ningenyamaza."

"Alikuwa ameshakubali. Niliona kichwa chake kikikubali."

"Niliona."

"Basi mimi sikuelewi." Lakini alisema hivyo huku akiingia chumbani mwake, na baada ya kidogo Dobi akamsikia akisogeza kitanda na kupiga msumari ukutani kwa kiatu.

Walivianika vyote kabla giza halijaingia. Vitambaa vilijaa vyumba vitatu, vimeninginia kutoka msumari hadi dirisha, na hewa ya nyumba ikawa nzito ya sabuni. Kila kimoja kabla hakijapanda kambani Dobi alikishika mbele ya mwanga, akapitisha kiganja upande huu na upande ule, kisha wifi akakipitishia vidole vyake, kisha Dobi akarudia. Viwili vilikuwa na nyuzi nyeusi zilizowashtua, zikawa nyuzi tu. Wifi aliulizia chakula mara mbili. Makaa yalikwisha kuwekwa kwenye pasi, yanapata moto taratibu.

Dobi hakutulia. Alikwenda kwenye pasi, akaigusa kwa kidole kilicholowa, bado. Alikwenda kwenye kamba ya kwanza, akavigeuza vitambaa ambavyo havikuhitaji kugeuzwa. Akatoka uani.

Nusu ya uwanja ilikuwa wazi na nusu ilikuwa imesimama. Ndoo ya vichwa ilikuwa imejaa, pipa lilikuwa bado linatoa mvuke mwembamba na blanketi ndani yake. Upepo ulikuwa umepungua lakini haukuwa umeacha, na makavu yaliyobaki yaliinama na kuinuka kwa zamu. Alichukua kikombe na maji ya sabuni, akanyunyizia machache yaliyokuwa karibu na mlango, angalau hayo yasimwage usiku. Kisha mengine karibu na hayo. Kisha mengine.

"Pasi imeshika moto!" wifi aliita kutoka ndani.

"Nakuja."

Akanyunyizia mawili zaidi. Akashika mundu, akakata kichwa kimoja kilicholowa vizuri, akakitia kwenye ndoo, akakata kingine. Alitazama safu iliyobaki mpaka ilipoishia kwenye ukuta. Kukicha angeanza kutokea pale kwenye kona, kabla upepo haujaamka, aloweshe yote kwanza, ndipo akate, ndipo avute blanketi. Na furushi lingepaswa kuondoka mapema, akiwa na mikono safi, na soksi nyingine.

"Wifi! Nikiunguza kitambaa hiki utasema ni doa gani?"

Alichomeka mundu mahali pake na kuingia, akigonga miguu yake kizingitini mara nyingi kabla hajavuka.